Blumlein: Mhandisi aliyeipa sauti kushoto na kulia

Dereva aketiye upande wa kulia wa gari huweza kununua spika mpya za bei ghali na bado asiridhike. Muziki wote humjia kutoka mlango wa kulia, wala mwimbaji hasikiki akiwa mbele yake. Sababu ni kwamba spika iliyo karibu humfikishia sauti mapema na kwa nguvu kuliko ile ya mbali. Mtu aliyezigeuza tofauti hizo ndogo kuwa taaluma ni mhandisi Mwingereza, Alan Dower Blumlein.

Alizaliwa London tarehe 29 Juni 1903. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi mzaliwa wa Ujerumani, na mama yake binti wa mmishonari aliyehudumu Afrika Kusini. Mwaka wa 1929 alijiunga na kampuni ya Columbia Graphophone, ambayo miaka miwili baadaye iliungana na nyingine kuunda EMI.

Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia katika jumba la sinema, alikokwenda na Doreen Lane, aliyekuja kuwa mkewe. Mwigizaji alionekana upande mmoja wa skrini, ilhali sauti yake ilitoka upande mwingine. Tarehe 14 Desemba 1931, Blumlein aliwasilisha ombi la hataza lenye madai 70. Humo alieleza namna ya kunasa sauti kwa maikrofoni mbili na kuzihifadhi zote katika mfuo mmoja wa santuri. Fundi wa leo anayepunguza sauti ya spika ya kulia na kuichelewesha kidogo, hadi mwimbaji asikike katikati ya dashibodi, anategemea misingi iyo hiyo ya usikivu.

Januari 1934, katika studio za Abbey Road, alirekodi kwa mbinu hiyo okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham. Hata hivyo, soko halikuwa tayari. Kampuni ilimhamishia kwenye televisheni, na mfumo wa mistari 405 aliousaidia kuubuni ukaanza kutumiwa na BBC mwaka wa 1936.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, aliingia katika utafiti wa rada. Tarehe 7 Juni 1942, ndege ya Halifax iliyokuwa ikiifanyia majaribio rada ya H2S ilishika moto na kuanguka Herefordshire. Watu wote 11 waliokuwemo walifariki. Uchunguzi ulionyesha chanzo kuwa nati moja ya injini ambayo haikukazwa ipasavyo. Blumlein alikuwa na umri wa miaka 38, na aliacha mjane na wana wawili. Kwa kuwa rada hiyo ilikuwa siri ya vita, kifo chake hakikutangazwa wakati huo.

Santuri za stereo zilienea madukani mwaka wa 1958, wakati hataza yake ilikuwa imekwisha muda. Tuzo ya Grammy ya ufundi ilitolewa kwa jina lake mwaka wa 2017, miaka 75 baada ya kifo chake.