Ibn al-Baytar, Bingwa wa Mitishamba

Ajuaye mti kwa jina tu bado hajaujua. Hilo alilifahamu mapema Ibn al-Baytar, mwanachuoni aliyezaliwa Malaga, nchi ya Andalusi, mwishoni mwa karne ya 12. Hakutosheka na vitabu. Pamoja na mwalimu wake, Abu al-Abbas al-Nabati, alikuwa akitoka nje ya mji wa Seville kukusanya mimea na kuichunguza.

Kiasi cha mwaka 1219 alishika safari. Alipita Afrika ya Kaskazini hadi akafika Misri, ambako Sultani al-Kamil alimfanya mkuu wa wataalamu wa mitishamba.

Hatari ilikuwa katika majina. Mmea mmoja huitwa hivi kwa Kiarabu, vile kwa Kiyunani, na vingine kwa Kiberberi. Na mimea miwili huweza kushirikiana jina moja. Mwuza dawa akikosea, dawa hugeuka sumu. Ndipo akatunga kitabu chake kikubwa, chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400, kwa mpango wa herufi, akisahihisha makosa ya waliomtangulia.

Alipokuwa Damascus, mwanafunzi wake Ibn Abi Usaybia alifuatana naye viungani kutazama mimea, naye ndiye aliyetuhifadhia habari zake. Ibn al-Baytar alifariki mjini humo mwaka 1248. Mungu amrehemu.

Basi, msomaji, ukimwona mzee ajuaye majani ya mwituni, fuatana naye akuonyeshe mti ungali umesimama, tusije tukabakiwa na majina matupu.