Walter Tull: Staa wa Spurs asiye na kaburi

SHABIKI wa Tottenham pale Malangali, Sumbawanga, atakutajia Harry Kane na Son Heung-min bila kuvuta pumzi. Muulize Walter Tull, huenda akakukodolea macho. Na jamaa huyu aliivaa jezi hiyo tangu 1909.

Tull alizaliwa Folkestone, Uingereza, Aprili 28, 1888. Baba yake alikuwa seremala mweusi kutoka Barbados, mama Mwingereza mzungu. Alipofikisha miaka tisa wazazi wote walishafariki, akapelekwa kulelewa kituo cha yatima London.

Boli ndilo lililomtoa. Msimu wa 1908/09 alibeba makombe matatu na timu ya ridhaa ya Clapton, Tottenham wakamvuta. Oktoba 1909 wakiwa ugenini kwa Bristol City, baadhi ya mashabiki walimporomoshea matusi kwa rangi yake. Hakutoka mchezoni, akapiga mpira wake. Ila baadaye alipotea kikosi cha kwanza, na mechi zake za ligi na Spurs ziliishia 10, mabao mawili.

1911 akatua Northampton Town kwa Herbert Chapman, kocha aliyekuja kuipa Arsenal ubingwa. Huko alicheza mechi zaidi ya 100, nyingi akiwa kiungo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Tull alijiunga na kikosi cha jeshi kilichojaa wanasoka, akapigana Somme, Ufaransa, 1916. Taratibu za jeshi zilitaka ofisa awe wa asili ya Kizungu. Hata hivyo wakubwa wake walimpendekeza, na Mei 1917 akawa Luteni Usu, mtu mweusi anayeongoza wazungu. Huko Italia aliwavusha askari wake Mto Piave kwenda kushambulia, akawarudisha wote salama.

Vita hiyo hiyo ilifika hadi Kasanga, Ziwa Tanganyika. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilisalimu amri Abercorn, leo Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Rukwa, Novemba 25, 1918.

Tull hakuiona siku hiyo. Miezi minane nyuma, Machi 25, alipigwa risasi Ufaransa akiwa na miaka 29. Askari wake walijaribu kumbeba huku risasi zikinyesha, wakashindwa. Mwili wake haukupatikana. Limebaki jina tu, kwenye mnara wa Arras, pamoja na maelfu wengine wasio na kaburi.