Maisha ya Bwana Dale Carnegie, Mwalimu wa Kusema Mbele ya Watu

Mara nyingi tunaposoma maisha ya watu mashuhuri twasoma habari za wafalme, majemadari na wavumbuzi. Mimi leo nimemchagua mtu ambaye hakupigana vita yoyote ya sifa wala hakuvumbua mashine. Kazi yake ilikuwa kukusanya watu chumbani saa za jioni na kuwafundisha kusimama na kusema mbele ya wenzao. Kwa kazi hiyo alipata riziki, baadaye akapata mali, na jina lake likajulikana katika nchi nyingi. Nimemchagua kwa sababu sisi tulio katika mwaka wa mwisho tutaondoka hapa karibuni, na kila mmoja wetu anajiuliza elimu aliyo nayo itamlisha namna gani.

Dale Carnegie alizaliwa tarehe 24 Novemba 1888 katika shamba karibu na mji wa Maryville, jimbo la Missouri, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Walilima mahindi na kufuga nguruwe, lakini mto uliopita karibu na shamba ulifurika karibu kila mwaka na kuharibu mazao, nao nguruwe wakafa kwa maradhi. Madeni yakazidi hata mwenye benki akatishia kuwanyang'anya shamba. Siku hiyo baba yake, akirudi nyumbani kutoka mjini, alisimamisha farasi wake juu ya daraja, akashuka, akayatazama maji kwa muda mrefu akiwaza kama ajitupe. Hakujitupa. Miaka mingi baadaye alimweleza mwanawe kwamba aliyemwokoa ni mkewe, mama yake Dale, kwa imani yake kubwa kwa Mungu.

Dale alipokuwa kijana, jamaa yake walihamia karibu na chuo cha ualimu cha Warrensburg, katika jimbo lile lile. Kulala na kula mjini kuligharimu dola moja kwa siku, na wao hawakuwa nayo. Basi alikaa nyumbani akaenda chuoni kila siku kwa farasi, na jioni alikamua ng'ombe na kukata kuni. Koti lake lilimbana na suruali yake ilikuwa fupi, naye aliona haya sana mbele ya wenzake. Aliangalia akaona kwamba wanafunzi waliosifiwa pale ni wa namna mbili: wachezaji wa mpira, na wale walioshinda mashindano ya kusema hadharani. Mwili wake haukufaa kwa mpira. Akachagua kusema.

Alijizoeza akiwa juu ya farasi njiani, na tena akikamua ng'ombe. Hata hivyo alishindwa katika shindano la kwanza, akashindwa tena na tena, hata akakaribia kukata tamaa. Halafu akaanza kushinda, na tangu hapo akashinda kila aliposhindana. Wanafunzi wengine walipoona hayo walimwomba awafunze, nao pia wakashinda. Nawaomba mlikumbuke jambo hili, maana hapa ndipo biashara yake yote ilipoota. Watu waliona kwamba ujuzi ule haukuwa kipaji cha kuzaliwa nacho, bali ni kitu ambacho mtu mmoja aweza kumpa mwingine.

Alipotoka chuoni mwaka 1908 hakuwa mwalimu mara moja. Aliuza masomo ya kujifunza kwa posta huko Nebraska, wala hakufanikiwa sana. Kisha akauza nyama ya nguruwe, sabuni na mafuta ya kupikia ya kampuni ya Armour katika sehemu kavu za magharibi, akisafiri kwa magari moshi ya mizigo na kwa farasi. Eneo lake lilikuwa la 25 kati ya maeneo 29 yaliyohudumiwa kutoka South Omaha, naye akalifanya kuwa la kwanza. Mwaka 1911 aliacha kazi hiyo akaenda New York kujifunza michezo ya kuigiza jukwaani. Baada ya kuzunguka na kundi moja la waigizaji aliona kwamba kazi ile haimfai. Akarudi katika uchuuzi, mara hii wa malori, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Alikaa katika chumba kibovu chenye mende wengi, na kila jioni alirudi na maumivu ya kichwa.

Ndipo alipojiuliza ni somo gani la chuoni lililomfaa kuliko yote. Akajibu moyoni mwake kwamba ni lile la kusema mbele ya watu, kwa sababu lilimwondolea woga na kumpa moyo wa kukutana na watu. Aliomba kufundisha katika masomo ya jioni ya vyuo vikuu viwili vya New York, navyo vikamkataa. Akaenda kwa Y.M.C.A., chama cha vijana Wakristo, katika jengo lao la mtaa wa 125. Aliomba alipwe dola mbili kwa kila jioni. Wakuu wa pale waliona ni nyingi kwa somo ambalo hawakujua kama litapata watu. Wakakubaliana kwamba hatapewa mshahara, bali atapata sehemu ya faida kama faida itapatikana. Hiyo ilikuwa mwaka 1912, naye alikuwa hajatimiza miaka 24.

Wasomaji, wengi wetu tungeuita mkataba huo hasara. Kwa maoni yangu ndio uliomjenga. Watu waliokuja hawakuwa wanafunzi wa kutafuta cheti. Walikuwa makarani, wachuuzi na mafundi, watu wazima waliochoka na kazi ya mchana. Walitaka waweze kusimama katika mkutano wa kazini bila magoti kutetemeka, au kuingia kwa mnunuzi mgumu bila kwanza kuzunguka nyumba mara tatu wakitafuta moyo. Walilipa ada kwa mafungu, na asiyeona faida aliacha kulipa. Mwalimu mwenye mshahara aweza kufundisha vibaya mwaka mzima na bado akala. Carnegie kama angefundisha vibaya juma hili, juma lijalo viti vingekuwa vitupu, na mfuko wake vile vile.

Kwa hiyo ilimbidi aache upesi mafundisho ya vitabuni. Yasimuliwa kwamba katika somo la kwanza maneno yake yalimwishia kabla ya saa. Akamwita mtu aliyekaa nyuma asimame aseme kidogo juu ya maisha yake. Yule alipomaliza akamwita mwingine, na mwingine, hata wote wakasema. Tangu siku hiyo aliifanya kuwa sheria ya darasa: kila mtu aseme katika kila somo, aseme mambo anayoyajua mwenyewe, na aseme kwa muda mfupi. Hakuwakaripia waliokosea. Alianza kwa kutaja lililokuwa zuri, ndipo akaonyesha la kurekebisha. Na wenzao waliosikiliza walipiga makofi, kwa maana kila mmoja alijua zamu yake yaja.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yake, nami nataka niieleze vizuri. Mwalimu anayefundisha mtu mmoja mmoja huuza saa zake, na saa za siku hazizidi 24. Akichoka, pato lake limefika mwisho. Lakini anayefundisha watu ishirini pamoja hupata ada ishirini kwa jioni moja, na kila mwanafunzi aweza kulipa kidogo. Hata hivyo, kama watu ishirini wangekaa kimya wakimsikiliza mtu mmoja, kila mmoja angepata sehemu ndogo tu ya mwalimu. Katika darasa la Carnegie haikuwa hivyo. Mwenye woga alimwona mwenye woga mwenzake akisimama na kushinda, na jambo hilo lilimtia nguvu kuliko maneno ya mwalimu. Huwezi kujizoeza kusema mbele ya watu kama watu hawapo. Kundi lenyewe lilikuwa sehemu ya somo, wala halikuwa njia tu ya kupunguza gharama.

Watu walirudi, na waliorudi walileta rafiki zao. Haikupita miaka mingi, sehemu yake ya faida ikafika dola 30 kwa jioni moja, yeye aliyenyimwa dola mbili. Akafundisha katika miji mingine pia. Akakodi chumba katika jengo la Carnegie Hall, na jina la jamaa yake lililokuwa likiandikwa Carnagey akaligeuza liandikwe kama la jengo hilo, ingawa hakuwa na udugu na tajiri Andrew Carnegie.

Si kila jambo lilimwendea vizuri. Baada ya vita kuu ya kwanza alikaa Ulaya miaka miwili akiandika hadithi ndefu, kwa kuwa tangu zamani alitamani kuwa mtungaji. Wachapishaji waliikataa, na wakala wake akamwambia wazi kwamba hana kipaji hicho. Alihuzunika sana, kisha akairudia kazi yake ya kufundisha watu wazima.

Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyompa kitabu. Wanafunzi wake walihitaji pia kujua namna ya kupatana na watu, naye hakuona kitabu cha kuwafaa. Akachapisha kanuni chache katika kadi ndogo isiyozidi kadi ya posta, akawaomba wakazijaribu kazini na nyumbani, kisha warudi kusimulia yaliyotokea. Msimu uliofuata kadi ikawa kubwa zaidi, halafu ikawa karatasi ya kurasa kadhaa, halafu vijitabu. Baada ya miaka kama kumi na mitano, mkuu mmoja wa kampuni ya uchapaji ya Simon & Schuster, Leon Shimkin, alihudhuria masomo yake akamshauri ayafanye kitabu. Kilitoka mwaka 1936, kikieleza jinsi ya kupata marafiki na kuwavuta watu. Mara ya kwanza zilichapwa nakala 5,000 tu. Hadi leo zimeuzwa zaidi ya milioni 30 katika lugha nyingi.

Sasa watu waliotaka kufundishwa walikuwa wengi kuliko yeye alivyoweza kuwafundisha. Akawachagua baadhi ya waliokwisha kusoma kwake, akawafunza kuwa walimu, na katika miaka ya 1940 akawapa watu wa miji mingine ruhusa ya kuendesha masomo kwa jina lake na kwa utaratibu wake, wakimpa sehemu ya mapato. Alifariki New York tarehe 1 Novemba 1955, mwenye umri wa miaka 66, akazikwa Belton, katika jimbo lake la Missouri. Madarasa yake yanaendelea hata sasa.

Wapo waliomlaumu. Mwandishi Sinclair Lewis alimdhihaki, na wengine walisema kwamba anafundisha watu kucheka ili wauze bidhaa, na kusifu kwa ajili ya faida. Nimelifikiri sana neno hili, maana katika shule ya misheni hatuwezi kulipita. Ni kweli kwamba mtu mwongo aweza kuzitumia kanuni zake kwa ujanja. Carnegie mwenyewe alionya kwamba sifa isiyotoka moyoni ni unafiki na haidumu. Lakini mimi nahukumu zaidi kwa darasa lake kuliko kwa kitabu chake. Karani aliyekuja akitetemeka na kuondoka akiweza kusema mbele ya mkuu wake hakudanganywa. Alilipa ada, akapata alichokilipia.

Tuitazame shule yetu. Katika chama chetu cha majadiliano wanasema watu wanne au watano, wale wale kila mara, na wengine sitini wanasikiliza. Katika Kiswahili mambo ni mabaya zaidi. Hapa Uganda wengi wetu twakielewa, lakini anayekosea ngeli huchekwa, basi hunyamaza, na kwa kunyamaza hajifunzi. Mwenzetu aweza kukaa hapa miaka sita, akafaulu mitihani yote, akaondoka bila kusikia sauti yake mwenyewe mbele ya watu. Mtu huyo atakwenda kuomba kazi, na mwenye kazi atamwuliza maswali mawili tu kabla ya kumwita anayefuata. Kwa hiyo naomba chama chetu kigawanywe katika makundi ya watu kumi na wawili, kila mtu aseme dakika mbili kila juma, na kicheko cha dharau kikatazwe.

Na kwa sisi tunaoondoka, nina neno moja. Si wote tutakaopata meza ya ofisini. Lakini hakuna kati yetu asiyejua jambo ambalo watu kumi wa mtaani kwao wangependa kulijua, kama vile hesabu za duka, kuandika barua, Kiswahili, au kushona. Mwenye ujuzi huo asingoje kuajiriwa. Aombe chumba, awaite watu hao kumi kwa ada ndogo, awafanye watende wenyewe badala ya kumsikiliza yeye, na akubali kwamba wasipofaidika hawatarudi. Haba na haba hujaza kibaba.