Tolkien na Tuni ya Kigregoriani

Leo tunamkumbuka J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892. Baba yake alifariki 1896. Mama yake, Mabel, alipoingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, baadhi ya ndugu walikatiza msaada wa fedha. Alifariki 1904, akiwaacha wanawe wawili chini ya ulezi wa Padre Francis Morgan wa Birmingham.

Riwaya yake The Lord of the Rings ilitoka 1954 na 1955, ikiwa na mashairi mengi. Donald Swann, mwanamuziki wa Uingereza aliyeipenda mno, alitunga muziki wa baadhi ya mashairi hayo, akampigia Tolkien kwa piano. Tolkien aliukubali, isipokuwa wimbo mmoja wa kuaga, ulio katika lugha aliyoibuni mwenyewe. Huo akauvumisha kwa tuni ya Kigregoriani, na Swann akaifuata. Nyimbo zilichapishwa 1967.

Tolkien alifariki 1973. Imani ambayo mama aliilipia kwa umaskini ilidumu ndani ya mwana. Nasi tunaowafundisha watoto sala na nyimbo za Misa, tusichoke.