Rod Serling, Mwandishi Aliyesema kwa Mafumbo

Siku ya Krismasi ya mwaka 1924, katika mji wa Syracuse, jimbo la New York huko Marekani, alizaliwa mtoto wa kiume katika nyumba ya Kiyahudi, akaitwa Rodman Edward Serling. Alikulia katika mji wa Binghamton, ambako baba yake alifanya biashara ya nyama. Tangu utoto alikuwa msemaji sana, na hadithi hazikumwishia.

Mwaka 1943, mara tu alipomaliza shule ya sekondari, alijiunga na jeshi akawa askari wa miavuli, naye akapelekwa Ufilipino kupigana na Wajapani. Siku moja katika kisiwa cha Leyte, rafiki yake alikuwa akiwachekesha wenzake. Ghafula sanduku la chakula lililodondoshwa na ndege ya jeshi lao wenyewe likamwangukia, likamwua papo hapo mbele ya macho ya Serling. Yeye mwenyewe alijeruhiwa vitani. Mwaka 1945 baba yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo, lakini kijana hakupewa ruhusa ya kwenda kumzika. Alirudi nyumbani na nishani kifuani, na ndoto mbaya zilizomwamsha usiku. Ndipo akaanza kuandika, apate kuutua mzigo ule.

Alisoma katika chuo cha Antioch, Ohio, na mwaka 1948 akamwoa Carolyn Kramer, wakajaliwa binti wawili. Kwa miaka kadhaa aliandikia redio, na maandishi yake mengi yalirudishwa. Alikuwa amekwisha kuandika michezo zaidi ya 70 wakati mchezo wake uitwao Patterns ulipoonyeshwa katika televisheni tarehe 12 Januari 1955. Ulieleza jinsi mkuu wa kampuni alivyomtesa mfanyakazi wake mzee mpaka akavunjika moyo. Siku zile wachezaji waliigiza moja kwa moja huku watu wakitazama. Kwa kuwa watazamaji waliusifu mno, wachezaji waliitwa tena baada ya majuma manne, wakauigiza upya. Kwa mchezo huo Serling alipata tuzo ya kwanza kati ya tuzo zake sita za Emmy.

Lakini sifa haikumpa uhuru. Michezo ya televisheni ililipiwa na makampuni yaliyotaka kuuza bidhaa zao, nayo yaliogopa kumwudhi mnunuzi yeyote. Mwezi Agosti 1955, katika jimbo la Mississippi, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14, aliuawa kikatili, na Wazungu wawili walioshtakiwa wakaachiwa huru na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu. Serling alitaka kuandika juu ya uovu huo. Akijua kwamba hatakubaliwa, alimfanya marehemu kuwa mzee wa Kiyahudi. Hata hivyo habari zilivuja, barua za kupinga zikamiminika, na wenye fedha wakaogopa. Mchezo ulipoonyeshwa Aprili 1956, aliyeuawa alikuwa mgeni asiyejulikana kabila, mji ulikuwa umehamishiwa kaskazini, na hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa zisije zikawakumbusha watu kusini. Alijaribu tena mwaka 1958, na mara hiyo naye alilazimishwa kuirudisha hadithi nyuma mpaka karne ya kumi na tisa na kumfanya marehemu kuwa Mmeksiko.

Hapo akageuza njia. Tarehe 2 Oktoba 1959 alianza mfululizo wa hadithi za ajabu uitwao The Twilight Zone, yaani mahali pa utusitusi kati ya nuru na giza. Hadithi 156 zilionyeshwa mpaka mwaka 1964, na 92 kati yake aliziandika mwenyewe. Katika mojawapo, taa zinazimika katika mtaa mmoja wa watu wema na magari yanakataa kuwaka. Kabla ya usiku kwisha, majirani wanashukiana, na mmoja anampiga risasi mwenzake aliyekuwa akirejea gizani. Kumbe wageni wa dunia nyingine wako mlimani wakitazama, nao hawakuhitaji silaha yoyote ila hofu ya watu wenyewe. Wadhamini waliona hadithi ya viumbe wa angani. Mtazamaji mwenye akili aliuona mtaa wake mwenyewe. Fumbo mfumbie mjinga.

Si kwamba alishinda kila mara. Alijilaumu kwa mambo aliyokubali kuyafuta. Miaka ya baadaye alishiriki kuandika sinema ya Planet of the Apes ya mwaka 1968, akafundisha vijana katika chuo cha Ithaca, lakini pia aliitoa sauti yake kutangaza bidhaa, yeye aliyeteswa na matangazo. Alivuta sigara bila kukoma, hata mbele ya watazamaji. Moyo uliomwua baba yake akiwa na miaka 52 ulimshinda mwana pia. Alifariki Rochester, New York, tarehe 28 Juni 1975, baada ya kupasuliwa moyo, akiwa na miaka 50.

Ndugu msomaji, wale walioizuia hadithi ya Emmett Till wamesahauliwa majina yao. Hadithi ya mtaa ule wenye giza watu wanaitazama hata leo, na kila mmoja anajiuliza kama angekuwa yeye, angeishika bunduki.