Dian Fossey: mtalii aliyepanda Mikeno, vita ikamtoa Congo

Jina la Dian Fossey likitajwa, watu wengi wanafikiria Rwanda. Kule ndiko alikojenga kambi yake, ndiko alikouawa, na kaburi lake liko kule. Lakini gorila wa kwanza wa maisha yake alimwona upande wa Congo, kwenye mlima Mikeno, mwaka wa 1963, wakati alikuwa mtalii tu aliyekopa pesa ya kutembea. Kazi yake pia ilianzia huku kwetu. Ni vita iliyomtoa.

Kwa mtu wa Uvira, mahali penyewe si mwisho wa dunia. Ukitoka kartie Rugenge, ukapita Kamanyola mpaka Bukavu, ukavuka ziwa Kivu kwa boti mpaka Goma, kisha ukashika njia ya Rutshuru, unafika Rumangabo, penye makao makuu ya Pariki ya Virunga. Hapo Rumangabo ndipo mambo yake ya Congo yalipokatikia, mwezi wa saba mwaka wa 1967.

Mkopo wa benki kwa ajili ya safari

Fossey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kwanza 1932, San Francisco, Marekani. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, mama akaolewa tena. Baba wa kambo alikuwa mtu mkali, na mtoto huyu alikua bila mapendo mengi nyumbani. Alipenda wanyama sana. Alitaka kusomea uganga wa wanyama, lakini masomo ya kemia na fizikia yakamshinda. Basi akageukia kazi ya kusaidia wagonjwa wajifunze tena kutumia viungo vyao, akamaliza masomo mwaka wa 1954. Baadaye alipata kazi Louisville, katika jimbo la Kentucky, kwenye hospitali ya watoto wenye ulemavu.

Alikuwa mwanamke mrefu, zaidi ya mita 1,80. Mapafu yake yalikuwa dhaifu, na bado alivuta sigara nyingi. Aliogopa hata kusimama mahali pa juu. Mtu wa namna hiyo hakuonekana kuwa mtu wa kupanda milima. Lakini rafiki yake mmoja alirudi kutoka Afrika na picha pamoja na habari nyingi, na tangu hapo tamaa ya safari haikumwacha.

Pesa hakuwa nayo. Alichukua akiba yake yote, akaongeza mkopo wa benki wa dola 8.000, na mwezi wa tisa mwaka wa 1963 akafika Nairobi. Hakuwa na mume wala rafiki wa safari. Alikodi mzungu mmoja mwenye kujua njia za porini, wakaanza kuzunguka. Safari ilikuwa ya majuma saba.

Alitembelea Tsavo huko Kenya, akaenda Tanganyika kuona ziwa Manyara na bonde la Ngorongoro. Alipita pia Olduvai, pale mtafiti Louis Leakey na mke wake Mary walipokuwa wakichimba mifupa ya zamani. Pale Olduvai aliteleza akaanguka ndani ya shimo la uchimbaji, akaumia kifundo cha mguu. Mtalii mwingine angerudi kwao. Yeye aliendelea na safari akichechemea, kwa sababu mahali alipopataka zaidi palikuwa bado mbele: milima ya Virunga, Congo.

Kabara, na Mzee Sanwekwe

Katikati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi kuna uwanda unaoitwa Kabara, kwenye mita kama 3.100 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa baridi, ukungu na matope. Mmarekani Carl Akeley, aliyewasukuma Wabelgiji kuwalinda gorila, alikufa kule mwaka wa 1926 akazikwa kule kule. Pariki yenyewe, iliyoitwa Albert wakati wa ukoloni, ilianzishwa mwaka wa 1925, ya kwanza kabisa Afrika. Mwaka wa 1959 na 1960 mtafiti George Schaller alikaa Kabara akiwachunguza gorila.

Fossey alipanda mpaka huko na mguu wake mbovu, akijitegemeza kwa fimbo. Juu alikuta wapiga filamu wawili kutoka Kenya, Alan Root na mke wake Joan, pamoja na Mkongomani Sanwekwe, mlinzi wa pariki na fundi wa kufuata nyayo. Inaelezwa kwamba Sanwekwe alianza kazi hiyo akiwa kijana, wakati wa Akeley, kisha akafanya kazi na Schaller. Msitu ule aliujua vizuri sana: jani lililovunjika asubuhi na lililovunjika jana, mavi ya moto na ya baridi, mahali gorila walipolala na mahali walipoelekea.

Ni Sanwekwe aliyewaongoza. Gorila walisikika kwanza, harufu yao nzito ikafuata, kisha nyuso nyeusi zikaonekana katikati ya majani zikiwaangalia wageni. Kwa Fossey siku hiyo ilibadili kila kitu. Alirudi Marekani akiwa na deni la benki la kulipa, akashika tena kazi yake ya hospitali. Lakini mawazo yake yalibaki Mikeno.

Kurudi, safari hii si kwa kutembea

Baada ya yeye kuondoka, mashariki ya Congo iliwaka moto. Wazee wa Uvira wanakumbuka: mwezi wa tano mwaka wa 1964 mji uliingia mikononi mwa waasi, na wakati ule mpaka leo unaitwa wakati wa Mulele. Wageni wengi walikimbia inchi.

Mwaka wa 1966 Leakey alikwenda Louisville kutoa hotuba. Fossey akamfuata na picha zake za Kabara. Leakey alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na gorila kwa miaka mingi, kama Jane Goodall alivyokuwa anakaa na sokwe huko Gombe, karibu na Kigoma, kwenye ziwa letu Tanganyika. Akamchagua mama huyu asiyekuwa na diploma yoyote ya sayansi ya wanyama. Leakey alimwambia hata aondolewe kidole-tumbo kabla ya safari, kwani porini hakuna daktari. Alipokwisha kupasuliwa, barua ikaja kumweleza kwamba lile lilikuwa jaribio tu la kupima nia yake.

Kabla ya kuanza alipita Gombe siku mbili kuona namna Goodall anavyoendesha kambi. Kisha akaingia Congo na gari la zamani la Land Rover, na mwezi wa kwanza 1967 akapiga hema yake Kabara. Alan Root alimsaidia siku mbili, akaondoka. Fossey akabaki na wafanyakazi Wakongomani, na Kiswahili chake kikiwa bado cha kubahatisha.

Alichojua kuhusu kufuata nyayo alikipata kwa Sanwekwe. Siku za kwanza alikuwa anapotea, au anafuata alama kwa kinyume, akirudi kule gorila walikotoka. Pole pole alielewa. Alijifunza kutambua kila gorila kwa mikunjo ya pua yake. Aligundua kwamba mtu akisimama wima gorila wanakimbia, lakini akitambaa, akijikuna, akitafuna majani na kuguna kama wao, wanatulia. Kwa miezi sita hivi alipata kujua vikundi vitatu.

Julai 1967

Tarehe 5 mwezi wa saba, mamluki wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme waliasi dhidi ya serikali ya Mobutu. Vita ilianzia Kisangani, ikafika Bukavu, mji ambao Schramme alikuja kuushikilia mpaka mwezi wa kumi na moja. Katika Kivu nzima, kila mzungu akaanza kuangaliwa kama mamluki au mpelelezi.

Siku chache baadaye askari walipanda Kabara. Walimwambia Fossey afunge vitu, wakamshusha mpaka Rumangabo, kwenye kambi ya jeshi. Kwa masimulizi yake, alishikiliwa kama majuma mawili. Aliponyoka kwa ujanja: aliwaambia walinzi kwamba lazima avuke Uganda kuandikisha gari lake, na kwamba kule kuna pesa. Wakamsindikiza. Alipofika Kisoro, akakimbilia hoteli ya Mjerumani Walter Baumgärtel, naye akaita askari wa Uganda. Ndivyo alivyookoka.

Hakurudi kufanya kazi Kabara tena. Tarehe 24 mwezi wa tisa mwaka ule ule alifungua kambi mpya upande wa Rwanda, katikati ya Karisimbi na Visoke, akaunganisha majina ya milima hiyo miwili: Karisoke. Kutoka Mikeno ni kilometa chache tu kwa miguu. Lakini mpaka wa inchi ulipita katikati, na umaarufu ukaenda upande ule mwingine.

Rafiki wa gorila, adui wa majirani

Karisoke alikaa karibu miaka 18. Mwaka wa 1970 picha yake ilitoka kwenye jalada la gazeti la National Geographic, dunia ikamjua. Alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1983 akatoa kitabu kuhusu gorila wake. Wengine aliwapa majina ya Kiswahili: jike mmoja aliitwa Macho, na mtoto wake Kweli.

Hatari ilikuwa kubwa. Schaller alikuwa amekadiria gorila 450 katika milima ya Virunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibaki kama 250. Mitego ilikuwa kila mahali, na mwisho wa miaka ya 1960 Rwanda ilikata hekta karibu 10.000 za pariki kwa ajili ya kilimo cha pareto. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 1977 wawindaji haramu walimuua Digit, dume ambaye Fossey alimjua tangu utoto wake. Walimkata kichwa na mikono. Mwaka uliofuata Macho naye aliuawa.

Tangu hapo Fossey alikuwa mkali kupita kiasi. Alivunja mitego, na hilo lilikuwa sawa. Lakini pia aliwapiga na kuwafunga watu aliowakamata, alivaa vinyago ili waamini ni mchawi, alifyatulia risasi ng'ombe walioingia msituni, na mara moja alimshikilia mtoto wa mwindaji mmoja. Watu wa pale walikuwa na mashamba madogo na watoto wengi, na pesa ya pariki hawakuiona. Kwa wengi wao alikuwa mzungu anayempenda mnyama kuliko jirani. Utalii nao aliupinga, yeye aliyekuja mara ya kwanza kama mtalii.

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja aliyekuwa msaidizi wake, wakati ameshaondoka inchini. Yeye amekana, na watu wengi hawakuridhika na kesi ile. Mfanyakazi Mnyarwanda aliyekamatwa pia alifia gerezani. Fossey alizikwa Karisoke, pembeni ya Digit.

Yaliyofuata

Gorila wa mlimani hawakuisha. Hesabu iliyotangazwa mwaka wa 2018 ilipita 1.000, ukijumlisha Virunga na msitu wa Bwindi, Uganda. Utalii ule alioukataa umechangia sana: tangu 2017 Rwanda inalipisha mgeni dola 1.500 kwa saa moja na gorila, na sehemu ya pesa za pariki inarudi vijijini. Upande wa Congo vita haikuacha kitu kama hicho kikue. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini, na kila mapigano yakianza, watalii ndio wa kwanza kuondoka.

Kwa watu wa Uvira, Fizi na Mwenga, jambo hili liko juu ya vichwa vyao. Msitu wa Itombwe, kwenye milima ile inayoonekana kutoka mjini, una gorila wa Grauer, aina isiyopatikana inchi nyingine yoyote. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka wa 2006 bila wenyeji kuulizwa. Walilalamika, na ilichukua miaka kumi mpaka mipaka ichorwe upya pamoja nao. Huko Kahuzi-Biega, Wabatwa waliofukuzwa miaka ya 1970 bado wanadai haki yao.

Shirika linalobeba jina la Fossey lina kazi Congo leo. Liko Nkuba, katika teritwari ya Walikale, ndani ya misitu ambayo si pariki bali ni ardhi ya familia za pale pale. Wanaofuata nyayo za gorila wa Grauer kila asubuhi ni vijana wa vijiji hivyo, na kazi yao ni ile ile aliyoifanya Mzee Sanwekwe kule Kabara.