Bazalgette, mzee wa majitaka wa London

Wadau, huku kwetu pwani mvua kubwa ikishapiga siku mbili tatu, mashimo ya vyoo yanafurika, maji yake yanaingia visimani, na haichukui muda tunaanza kusikia habari za kipindupindu. Basi leo nimeona niwaletee historia ya jamaa aliyepambana na balaa hilohilo zaidi ya miaka 150 iliyopita, Mwingereza Joseph Bazalgette. Kwao ana jina kubwa. Huku wengi hawamjui, nadhani ni kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake iko chini ya ardhi.

Alizaliwa Enfield, kaskazini ya London, tarehe 28 Machi 1819. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na ukoo wao asili yake ni Ufaransa. Uhandisi alijifunza Ireland kwenye kazi za kukausha ardhi yenye maji. Baadaye akaingia kwenye mambo ya reli, akafanya kazi hadi afya ikamgomea, ikabidi apumzike. Mwaka 1849 akapata kazi kwenye tume ya mitaro ya London, akiwa msaidizi tu.

Sasa muielewe London ya wakati ule. Haiko ufukweni, lakini mto wake, Thames, unajaa na kupwa kama bahari ya hapa kwetu. Zamani kinyesi kilikaa kwenye mashimo chini ya nyumba, watu wakilipwa kuja kukitapisha. Vilipoenea vyoo vya kuflashi, mashimo yakazidiwa, na wakubwa wakaamuru nyumba ziunganishwe na mitaro ya mvua. Mitaro yote inaishia mtoni! Maji yakipwa, uchafu unateremka. Yakijaa, unarudi uleule katikati ya jiji. Na kampuni nyingine za maji zilikuwa zinachota humohumo na kuwauzia watu maji ya kunywa. Kipindupindu cha 1848 hadi 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London peke yake, na kile cha 1853 hadi 1854 kikaua zaidi ya 10,000.

Bazalgette alipokuwa mhandisi mkuu mwaka 1856, mpango ulikuwa tayari kichwani. Mitaro mikubwa ilazwe sambamba na mto, ikate ile ya zamani kabla haijafika majini, ipeleke majitaka mashariki mbali na jiji. Serikali ikaurudisha mpango mara kwa mara, wakibishana mdomo wa bomba uwe wapi na nani alipe. (Hapo mtaniambia mmeshaiona wapi.) Halafu ukaja ukame na joto la mwaka 1858. Mto ukanuka mpaka Bungeni, jengo liko palepale ukingoni, wakatundika mapazia yaliyolowekwa dawa na bado wabunge wakawa wanaziba pua. Sheria ikapita ndani ya siku 18 tu. Miaka yote watu wa kawaida walikuwa wanakufa na hakuna aliyekuwa na haraka.

Kazi ilianza 1859. Mitaro mikuu ilikuwa na urefu wa kilomita 132 hivi, ikatumia matofali zaidi ya milioni 300. Baadhi ya mitaro aliichonga kwa umbo la yai, ncha nyembamba chini, ili hata maji yakiwa machache yaende kasi na kusukuma uchafu. Aliiwekea mteremko mdogo ijiendeshe yenyewe, na pale ilipozidi kwenda chini akaweka pampu za mvuke kuyanyanyua maji. Alitumia saruji ya Portland, wakati huo wengi hawajaiamini, akataka ipimwe kwanza kabla ya kutumika. Mimi namheshimu zaidi kwa hilo la vipimo kuliko kwa ukubwa wa mradi. Mkandarasi akijua saruji yake itapimwa, anakaa sawa.

Cha ajabu ni kwamba alijenga yote hayo kwa imani isiyo sahihi. Yeye na wakubwa wengi waliamini magonjwa yanaletwa na harufu. Daktari John Snow alishaonyesha mwaka 1854 kuwa kipindupindu kinapita kwenye maji, wengi hawakumsikiliza, akafariki 1858 katikati ya uvundo uleule. Lakini mitaro ilipotenga kinyesi na maji, ugonjwa ukakosa njia. Mlipuko wa 1866 uliua zaidi ya watu 5,500, wengi wao upande wa mashariki, ambako mfumo ulikuwa haujakamilika. Baada ya hapo London haikupata tena mlipuko mkubwa.

Ila mzee aliacha deni. Midomo ya mitaro aliiweka Beckton na Crossness, huko chini mtoni, na uchafu ulifunguliwa maji yanapoanza kupwa ili uende baharini. Haukwenda wote. Watu wa Barking, jirani na Beckton, walianza kulalamika kabla ya 1870 kwamba kinyesi cha London kimehamishiwa kwao. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa karibu na midomo hiyo, uchafu umetoka kufunguliwa. Walikufa watu zaidi ya 600, na wengi wakaamini kuwa maji yale yaliwamaliza hata waliojua kuogelea. Tume ikaundwa, ikasema tope litengwe kabla maji hayajaachiwa. Kuanzia 1887 tope likawa linapakiwa melini na kumwagwa baharini, na waliendelea hivyo mpaka 1998. Meli ya kwanza ilipewa jina lake, Bazalgette. Sijui kama ni heshima ama utani!

Alistaafu 1889, bodi aliyoitumikia ilipovunjwa huku baadhi ya watu wake wakiandamwa na kashfa za rushwa, yeye jina lake likabaki safi. Alifariki 15 Machi 1891. Mitaro yake bado inatumika. Lakini kwa vile inabeba mvua na majitaka pamoja, mvua zikizidi ilikuwa inamwaga mtoni, ndiyo maana wamechimba bomba jipya la kilomita 25, lililounganishwa lote mwaka 2025.

Nimesimulia haya kwa sababu miji yetu ya pwani ilijengewa kwa mawazo yaleyale. Majitaka ya katikati ya Dar es Salaam yalisukumwa baharini kwa miaka mingi, na ya Mji Mkongwe Zanzibar vilevile, bila kusafishwa. Kwa hiyo mtu akija mtaani kwenu na ramani ya bomba la majitaka, msiishie kuuliza linapita nyumba zipi. Muulizeni linaishia wapi, na hapo mwisho kuna mtambo wa kusafisha au kuna wavuvi. Wadau wa Tanga, Mtwara, Mombasa, la kwenu linamwaga wapi?